Kengele ya Ringi Kijijini kwa Mama

Mpendwa Baba,

Huku Katwe mafundi wa chuma hawajafunga kazi, ingawa Krismasi ni wiki hii. Tangu asubuhi wanagonga, wanachomelea, wanapasua mapipa ya kutengenezea majiko, na mimi nimekaa dirishani na chai iliyopoa nikijaribu kukuandikia. Ungekuwepo ungesema, "Acha watu wafanye kazi yao, wewe ni wa kulala tu." Najua. Lakini kila chuma kinapogongwa nageuka, Baba. Leo nimegeuka mara nyingi hadi Mama akanicheka, kisha akaacha kucheka ghafla akaingia jikoni.

Katekista mpya wa kanisa la kijijini kwa Mama alinipigia simu jana. Ni kijana mwenye adabu, ana Kiswahili cha shule, na alianza kwa kuzunguka sana kabla ya kufika alikokusudia. Aliuliza mvua za huku, akauliza magoti ya Mama, mwishowe akasema, "Dada, nilitaka kukuuliza habari ya ringi ya mzee." Akanieleza kwamba Krismasi iliyopita, ya kwanza bila wewe, kengele yako ile haikupigwa. Sisi hatukwenda kwa sababu ya msiba, na wenyeji hawakuthubutu kuigusa. Watu walifika kanisani kila mtu kwa saa yake, wengine wakakuta baraka inatolewa. Sasa wazee wamekaa wakaamua: asipotokea mtu wa nyumba yetu Krismasi hii kuipiga, ringi itarudi mnadani pamoja na vitu vingine, na mnunuzi wa vyuma chakavu amekwisha kuja kuipimapima kwa macho. Nikamwambia nitampigia simu. Mpaka sasa sijampigia.

Kabla hujanigombeza, niache nianze mbali. Wewe mwenyewe ulipenda hadithi zinazoanza mbali, hasa ukishavua buti na kutia miguu kwenye beseni la maji moto.

Unakumbuka chumba chetu cha kambi ya polisi, kile chenye pazia katikati? Wewe Mwislamu wa Arua, Mama Mkristo wa Luweero. Yeye hakujua lugha ya kwenu, na wewe ya kwao uliijua ya kununulia nyanya tu, tena ulipunjwa. Basi nyumba yetu ikaongea Kiswahili, kama nyumba nyingi za pale kambini, na mimi nikakua nikidhani dunia nzima ndivyo inavyoongea. Ijumaa ulipanda kilima cha Kibuli kuswali msikitini. Jumapili Mama alivaa gomesi, gauni lake refu la mkanda, akaenda kanisani. Ramadhani ikifika, Mama ndiye aliyeamka kukupikia uji wa daku, huku akilalamika kwamba Mungu wako hana huruma na wapishi. Hakuna jirani aliyeona ajabu.

Halafu vita ya Luweero ikaisha, barabara ya kule ikafunguka, na Mama akasema Krismasi hiyo anataka kwenda kwao. Alikuwa hajaona kwao tangu mapigano yaanze. Alipokuwa akifunga mizigo aliniita akanishika mabega. "Huko kwetu ufunge mudomo," aliniambia. "Kiswahili usiongee. Watu bado wanaogopa." Nikamuuliza wanaogopa nini, maana mimi nilijua Kiswahili ni cha kuombea sukari. Akasema, "Wale walikuja na bunduki walikuwa wanaongea hiyo." Nilikutazama. Ulikuwa unapaka buti zako rangi, na uliendelea kupaka, buti ileile, hata baada ya kung'aa.

Miaka yote ya vita ulikuwa hapa mjini, ukisimama njia panda na glavu nyeupe ukiongoza magari. Hukuwahi kufika Luweero na bunduki wala bila bunduki. Lakini hilo tulilijua sisi. Kule kijijini waliona mtu mrefu wa kaskazini, mfano wa wale wa bunduki, anatembea kama yuko gwaride, na hilo liliwatosha. Tulipanda lori la makaa lililokuwa likirudi tupu, tukashuka tukiwa weusi wote watatu, na mtu wa kwanza tuliyekutana naye njiani alikuona akaingia kwenye migomba.

Nakumbuka nyumba zisizo na paa, nyasi zimeota hadi ndani. Kanisa nalo kuta zake zilikuwa na matundu, na juu waliezeka nyasi kwa sababu mabati yalichukuliwa. Kengele nayo ilichukuliwa. Katekista wa wakati ule, yule mzee mwenye koti refu, alituma watu wapite nyumba kwa nyumba wakiita kwa sauti, na bado nusu ya waumini walichelewa. Wewe hukuingia. Ulikaa juu ya gogo kwenye uzio, ukanyoosha miguu. "Mambo ya ndani ni ya mama yako," uliniambia kwa sauti ya chini. "Mimi nakaa hapa nalinda upepo." Nilicheka. Kisha nikaingia, nikakuchungulia kupitia tundu la ukuta, nikaona wanawake waliochelewa wanavyozunguka upande wa pili ili wasipite karibu nawe. Hakuna aliyekusalimu, Baba, na wewe ulikuwa mtu wa salamu, mtu wa kusalimia hata mbuzi wa jirani.

Baada ya ibada ukaja mnada, na hapo ndipo mimi nilipoipenda Krismasi ya kijijini. Sadaka za pale hazikuwa za shilingi, kwa sababu shilingi hazikuwepo. Watu walileta matoke, miwa, mayai, kuku waliofungwa miguu, fenesi kubwa kuliko mtoto. Vyote vilipelekwa madhabahuni, na ibada ikiisha katekista alivitoa nje akavinadi. Aliyenacho alitoa chochote: aliyeleta kuku alirudi na ndizi, aliyeleta ndizi alirudi na kuku. Utamu wake ni kwamba aliyenunua aliweza kusimama palepale akasema, "Hiki nampa fulani," na hiyo ndiyo ilikuwa zawadi ya Krismasi. Mtu alinunua muwa akawakatia watoto. Mwingine alinunua kuku akampa jirani ambaye walikuwa hawasemezani, na jirani akashindwa kukataa mbele ya watu wote. Sheria ilikuwa moja tu: kilichofika madhabahuni lazima kinadiwe, na nyumba iliyokileta hairuhusiwi kukinunua. Nilikusimulia haya yote kwenye lori tukirudi, nawe ukasikiliza huku umefumba macho. Nikadhani umelala.

Kumbe ulikuwa unasikiliza habari ya kengele. Mwaka uliofuata, Desemba ilipoingia, ulinichukua siku yako ya mapumziko tukaenda Kisenyi kwenye magereji. Mimi nilidhani unaninunulia viatu. Ukaanza kugonga ringi za magari kwa kirungu chako cha kazini, moja baada ya nyingine, ukiinamisha sikio kama daktari. "Hii inalia sufuria. Lete ingine." Mafundi waliacha magari wakaja kutazama. Mmoja alikuuliza, "Afande, hii ringi unataka ya gari ama ya kucheza muziki?" Wewe hukucheka. "Nataka ya kuita watu," ulimjibu. Tulipata moja ya lori, nene, yenye kutu upande mmoja. Ulipoigonga ililia ikaendelea kulia, na fundi yule akakuna kichwa akasema, "Hiyo sasa iko na roho." Tukaisukuma kwa mkokoteni hadi huku Katwe, wakakuchomelea kikuku cha kupitishia mnyororo. Naona kile kibanda nikitoa shingo dirishani. Siku hizi ni cha mtu mwingine.

Tulipofika kijijini, nia yako ilikuwa ndogo. Ungeiteremsha pembeni, umwite katekista kando, uitundike bila maneno. Lakini Mama, kwa kuwa aliona umehangaika, hakutaka ipite kimya. Wakati wa sadaka alinishtua kwa kiwiko, tukatoka, tukaibeba yeye huku na mimi kule, tukaipitisha katikati ya kanisa mbele ya macho yote hadi madhabahuni. Nilijisikia kama bibi harusi. Tulipoiweka chini Mama alishika mdomo, kwa maana hapohapo alikumbuka sheria. Imefika madhabahuni, basi lazima inadiwe, na yeye hawezi kuinunua. Ungeona uso wake. Mtu aliyezaliwa katika kanisa lile ndiye aliyesahau.

Mnada ulikwenda vizuri mpaka ringi. Katekista aliiegemeza kwenye goti lake akasema kwa Kiganda, "Hii ni ringi ya lori. Ya kutundikwa kwa kengele. Imeletwa na... na mume wa binti yetu." Akarudia. Mtu mmoja akakohoa, mwingine akaanza kuongea na kuku wake. Hakuna aliyetaka kuwa mtu wa kwanza kutia mkono kwenye kitu chako. Mama alinibana vidole hadi vikauma. Wewe ulikuwa palepale kwenye uzio, umeona kila kitu. Ulisimama, ukageuka ukatazama barabara kana kwamba kuna gari linakuja, na mimi nilijua unataka kuondoka na kwamba ukiondoka hutarudi tena kijiji kile maisha yako yote. Nililia, Baba. Sikuwahi kukuambia, lakini nililia kwenye gomesi la Mama.

Ndipo Jaja Nalongo aliposimama. Jaja ni bibi, na Nalongo ni jina ambalo Waganda humpa mama wa mapacha, na yule bibi alikuwa na Waswa na Kato, vijana wawili aliokuwa akiwatofautisha kwa kicheko. Vita iliwachukua wote wawili. Jina lilibaki kwake, na kila aliyemwita alimkumbusha. Alikuwa na mayai ndani ya kitambaa, mayai ya kumpelekea dada yake. Akayaweka mbele ya katekista, moja moja ili yasivunjike, akasema kwa Kiganda, "Nimeinunua." Katekista aliuliza kama kuna anayetoa zaidi. Hakuna. Jaja akasema, "Basi nampa mwenyewe." Akakuelekezea kidole.

Halafu akakugeukia wewe, na akafungua kinywa kwa Kiswahili. Kiswahili chake chote alikiokota kwenye kizuizi cha askari, barabarani, wakati wa vita, kwa hiyo hakuwa na neno hata moja ambalo si amri.

"Wewe! Kuja hapa!"

Kijiji kizima kilishtuka. Wewe ulikuja. Ulitembea kutoka kwenye uzio mikono ikiwa wazi, ukasimama mbele yake wima kabisa, mrefu mara mbili yake.

"Beba," alisema. "Tundika. Piga."

"Ndiyo, afande," ukajibu, ukakaza visigino.

Sijui ni nani aliyecheka kwanza. Nadhani alikuwa katekista. Kicheko kikaenea hadi kwa wanawake, na Jaja mwenyewe, ambaye Mama alisema hakuwa ameonekana kucheka tangu wanawe waondoke, aliziba mdomo kwa kiganja. Ulitundika ringi kwenye mfenesi ulio kando ya kanisa, ukachukua kipande cha nondo, ukapiga. Ibada ilikuwa imekwisha zamani, lakini watu walisimama palepale wakasikiliza mpaka mlio ukaisha. Jaja akakuamuru tena. "Kira Krismasi, kuja. Hapana kuja, mimi hapana sikia." Ikawa sheria nyingine ya kanisa lile: ringi ni ya kwako, na hakuna mtu wa nyumba nyingine wa kuipiga siku hiyo.

Alituchukua nyumbani kwake. Ukakaa kwenye mkeka ambao alikuonyesha kwa kidole, "Kaa chini!", na mimi nikaketi karibu nawe nikijivunia. Akaleta jogoo wake mwekundu na kisu. Kwetu Uganda kila mtu anajua kwamba ukitaka Mwislamu ale nyama nyumbani mwako, Mwislamu ndiye achinje, kwa hiyo jambo lenyewe lilikuwa la kawaida. Lakini alikupa kisu, Baba, katika ua ule, mbele ya majirani zake waliosimama mlangoni. Akakitoa kwa upande wa mpini. "Kata," alisema. "Na wewe ukure." Uligeukia kibla, ukasema Bismillahi, ukachinja kwa mkono wako wa kulia. Mkono ambao ulisimamisha malori njia panda. Tulikula wali na kuku yule, naye akakaa anakutazama ukitafuna mpaka ukamaliza.

Baadaye, nilipokuwa msichana mkubwa, nilimuuliza Jaja kwa Kiganda kwa nini alifanya vile. Nilitegemea maneno ya kanisani. Akasema, "Nilitaka nami niamuru mmoja wao. Nikamwamuru, akatii. Ikatosha." Kisha akanituma maji.

Nimeishi na jibu hilo muda mrefu, na sijawahi kulichoka. Nilikuambia pia, na wewe ulitikisa kichwa tu ukasema, "Afande ni afande."

Tangu hapo Krismasi zetu zilikuwa kule. Ulimpelekea sabuni za mche, sukari, mafuta ya taa, na mwaka mmoja gomesi la manjano ambalo Mama alilichagua na wewe ukajigamba kwamba umelichagua. Yeye alikupa mafenesi yasiyobebeka. Nilipewa gauni jipya, biskuti za kopo na baluni zilizopasuka kabla ya mchana. Wanawake waliokuwa wakizunguka kanisa ili wasikupitie walianza kukutuma: afande tuvunjie kuni, afande tuchinjie kuku huyu na huyu, hadi ukalalamika ukiuliza kama umekuja sikukuu au umekuja kazini. Na mimi nikaanza kuongea Kiswahili njiani, kwa sauti kubwa, bila kutazama nyuma. Watoto wa kule wakanifuata wakijifunza amri za Jaja kwangu.

Lakini kitu kimoja sikukijua mpaka nilipoanza kazi. Kule kambini Wakristo walikuwa wengi, na kila mmoja alitaka kwenda kwao Krismasi, kwa hiyo siku hiyo zamu ziliachiwa nyinyi Waislamu, na Idi wao wakawashikia zamu. Huo ndio uliokuwa utaratibu. Ili upate Krismasi, wewe ulitoa Idi yako. Nakukumbuka asubuhi za Idi ukirudi kutoka Kibuli na kanzu nyeupe, unaivua, unavaa sare, unaondoka wakati pilau bado ipo jikoni. Mama alikufunikia sahani. Nilikuuliza mara moja, nikiwa na hasira ya kitoto, kwa nini kila Idi unafanya kazi. Ukafunga mkanda wako ukasema, "Nimepewa amri na afande wangu wa kijijini." Nilidhani ni utani. Mwaka huu, Baba, mkuu wetu wa wauguzi alipopanga zamu, nilijikuta, mimi niliyefuata dini yako, namwambia mwenzangu Mkristo: wewe chukua mapumziko yangu ya Idi, nipe yako ya Krismasi. Nilisema bila kufikiri. Nilipofika nyumbani niliona kanzu yako mlangoni, ile ambayo Mama hataki itolewe, nikakaa chini.

Kwa hiyo ruhusa ninayo. Mama tayari amefunga mizigo, na magoti yake eti yamepona tangu jana. Kila kitu kipo tayari isipokuwa mimi.

Nitakuambia ninachoogopa. Mwaka mzima huu nimejizoesha mambo mengi. Nimejizoesha kutosikia kikohozi chako kabla hujafungua mlango. Nimejizoesha kumwona Mama akipika chakula cha watu watatu kisha anakumbuka. Tulikuzika kwenu Arua, udongo ule mwekundu niliutia kwa mikono yangu, na bado kuna mahali pamoja ambapo hujafa. Pale kwenye mfenesi. Ringi ile haijapigwa Krismasi hata moja bila wewe kuwepo, kwa hiyo bado inakungoja wewe. Nikiipiga mimi, itakuwa imeacha kukungoja. Ndiyo maana sijampigia simu yule kijana wa watu, na yeye anadhani nina maringo ya mjini.

Nakukosa sana, Baba. Nimekuandikia kurasa zote hizi ili nifike kwenye sentensi hiyo. Nakukosa katika mambo madogo yasiyo na maana, kama jinsi ulivyokuwa ukifunga mzigo kwa mafundo ya askari ambayo hakuna aliyeweza kuyafungua ila wewe.

Asubuhi hii nilijaribu kukumbuka unavyopiga. Hukupiga ovyo. Ulinifundisha, "Usigonge kama una hasira. Gonga, ngoja irudi, ndipo gonga." Na hukuwa unatazama ringi, ulikuwa unatazama njia. Mwanzo sikuelewa, kisha nikajua unamngoja Jaja. Alikuwa anatembea polepole na fimbo yake, na wewe uligonga na kugonga mpaka gomesi la manjano litokeze kwenye migomba. Katekista alivuta saa yake mfukoni, waimbaji walishika vitabu mlangoni, wewe hukujali. Wimbo wa kuingilia hauanzi mpaka kengele ya mwisho ilie. Jaja akitokeza, ulinipa nondo. "Ya mwisho yako," ulisema, kila mwaka, hata nilipokuwa mwanamke mzima mwenye kazi yangu. Nami nikagonga, na Jaja akapaza sauti kule njiani, "Mimi nasikia!"

Jaja alipokufa, tulienda Krismasi ya mwaka uleule. Ulipiga ukitazama njia, muda mrefu kuliko siku zote. Hakuna aliyekuharakisha. Wanawake walisimama wakakungoja, walewale waliokuwa wakikukwepa. Mwishowe ulitabasamu kidogo, kana kwamba kuna mtu umemwona, ukanipa nondo. Sikukuuliza umeona nini. Leo ningetoa chochote nikuulize.

Nimeandika mpaka hapa na mafundi wamenyamaza kwa chakula cha mchana. Mama amechungulia akauliza, "Bado unaandikia huyo muzee? Mwambie pia mimi niko." Basi nakuambia: Mama yuko. Anasema gari ni alfajiri na nisije nikamchelewesha, na kwamba nimpigie katekista sasa hivi kabla hajauza ringi ya watu. Anasema ungenitazama nikisitasita hivi ungeona aibu, mtoto wa askari.

Nitampigia, Baba. Nikimaliza barua hii nitampigia. Nitakwenda, nitachukua nondo, nitagonga na kungoja irudi, nitagonga tena, nikitazama njia ile ya migomba kama ulivyokuwa ukiitazama. Watu watafika, watasimama mlangoni na vitabu vyao, na yule kijana atavuta simu mfukoni aangalie saa. Nami nitasimama na nondo mkononi, sitaigonga ile inayobaki. Wacha waningoje kidogo.

Ya mwisho yako.

Ni mimi, binti yako, mpigaji wako wa zamu.